Ukungu mweupe kwenye kanola: je, utamaliza shamba langu?

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mama mkulima huku Mau Narok. Mwaka huu nilikodi ekari sita nikapanda kanola, zao la mbegu za mafuta, mwanzoni mwa Juni, mara yangu ya kwanza. Agosti ilichanua hadi wapita njia wakawa wanasimama kupiga picha. Sasa maganda yamejaa, lakini kule bondeni, karibu na miti ya msaiprasi, mimea mingi imekauka kabla ya wakati wake. Shina limekuwa jeupe kama mfupa, ukilivunja linachanika nyuzinyuzi, na ndani mna vitu vyeusi kama mavi ya panya. Nimehesabu: bondeni, katika mimea 20, sita imeshikwa. Kule juu, katika 20, ni mmoja tu. Jirani anasema hii ni blaiti kama ya viazi na wiki mbili zikiisha sitakuwa na kitu. Muuza dawa ameniambia nipulize mara mbili, haraka. Mzee wangu naye anataka tuvune sasa hivi ijapokuwa mbegu bado ni za kijani, kisha tuchome shamba lote. Mwenye shamba alikuwa amepanda minji mwaka jana, na viazi mwaka wa kabla ya hapo. Ugonjwa huu ni mkali kiasi gani? Na msimu ujao naweza kupanda maharagwe hapo?"

Mama, pole sana, na asante kwa kuhesabu. Wengi hunipigia simu wakaniambia "shamba limekwisha", na nikiuliza ni mimea mingapi wanabaki kimya. Wewe umehesabu, tena umevunja shina ukatazama ndani. Kwa hayo mawili umenipa karibu kila ninachohitaji. Shina jeupe linalochanika, lenye vijiwe vyeusi ndani, ni alama ya ukungu mweupe, ambao wataalamu huuita Sclerotinia sclerotiorum. Si mgeni kwako hata kidogo. Ni ule ule unaoozesha maganda ya maharagwe yakafunikwa na kitu kama pamba wakati wa mvua.

Nikujibu kwanza yale ya haraka, kwa sababu najua pampu huenda tayari imetolewa stoo. Hautamaliza shamba lako ndani ya wiki mbili. Dawa kwa sasa ni pesa ya kutupa. Usivune mbegu za kijani. Usichome shamba lote. Na maharagwe hapo msimu ujao, hapana. Naomba usome na sababu zake pia, maana ukizielewa hutahitaji kuniuliza tena Agosti ijayo. Utaamua mwenyewe ukiwa umesimama shambani.

Unapouliza ugonjwa ni mkali kiasi gani, kuna maswali mawili humo, na jirani yako ameyachanganya. La kwanza ni hili: ukungu ukiingia kwenye mmea mmoja, unaufanya nini? La pili: ukishakuwa kwenye mmea huu, unaufikiaje ule mwingine? Blaiti ya viazi ni kali kwa yote mawili. Ikikaa kwenye jani, baada ya siku chache jani hilo lenyewe linatoa vimelea vipya maelfu kwa maelfu. Upepo na matone ya mvua huvibeba hadi majani mengine, nayo yanatoa vingine. Mzunguko mmoja huzaa mzunguko mwingine, na ndiyo maana shamba la viazi lililokuwa kijani Jumatatu linaweza kuwa jeusi wiki inayofuata. Mtu aliyeliona hilo mara moja hawezi kulisahau, kwa hiyo simlaumu jirani yako kwa hofu yake.

Ukungu mweupe hauendi hivyo. Katika msimu mmoja hupata nafasi moja tu ya kushambulia kwa njia ya hewani. Shina lile jeupe unaloliona leo halirushi vimelea kwa jirani zake. Linachofanya ni kuoza na kutengeneza vijiwe vyeusi vya kungojea miaka ijayo. Njia pekee ya kuufikia mmea wa pili kwa sasa ni kugusana: mimea ikilala na kuegemeana, shina bovu likalalia zima huku kukiwa na unyevu, utando mweupe unaweza kuvuka. Zaidi ya hapo, mimea iliyokauka leo iliambukizwa Agosti, wakati watu wakipiga picha. Utaona mingine ikibadilika rangi wiki hii na ijayo, na utadhani ugonjwa unatembea. Hiyo nayo ilishaambukizwa zamani. Imechelewa tu kuonyesha.

Hebu turudi nyuma, mpaka kwenye minji ya mwenye shamba. Minji hushikwa na ukungu huu, viazi pia, na pia maharagwe, kabeji, sukuma wiki, karoti, saladi, nyanya, alizeti, hata pareto. Wataalamu wamehesabu zaidi ya aina 400 za mimea ambazo unaweza kuzila. Karibu zote ni za majani mapana. Ngano, shayiri, oti na mahindi hazimo humo. Minji ile ilipougua iliacha vijiwe vyeusi kwenye udongo. Ukivikata kwa wembe utakuta ndani ni vyeupe, na ganda jeusi ndilo linalovikinga na jua, ukame na wadudu. Vinaweza kukaa udongoni miaka mitatu, minne, mitano, vingine zaidi, vikingoja tu.

Vinangoja nini? Unyevu na ubaridi. Kijiwe kilicho karibu na uso wa udongo, sentimita tano za juu, kikikaa kwenye unyevu usiokatika kwa siku kumi hadi wiki mbili, huku kivuli cha mimea kikizuia jua lisikaushe ardhi, huchipua. Kinatoa kikombe kidogo cha rangi ya chai ya maziwa, upana wake milimita tano hadi kumi, kikikaa juu ya kijiti chembamba. Ungepiga magoti bondeni mwanzoni mwa Agosti ukatenganisha majani, nadhani ungevikuta. Kikombe kimoja hutoa mamilioni ya spora, yaani mbegu za ukungu zisizoonekana kwa macho, na huzirusha hewani kwa siku nyingi.

Sasa sikiliza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha jibu hili lote. Spora hizo hazina nguvu ya kutoboa jani zima lenye afya. Ikiangukia jani la kijani, spora hukosa chakula ikafa. Inahitaji kitu kilichokufa cha kuanzia, na kanola huipa kitu hicho kwa ukarimu: petali. Kila ua huangusha petali zake nne, na shamba lililochanua vizuri humwaga petali kama mvua ya manjano kwa wiki tatu au zaidi. Petali zilizolowa hunata kwenye majani, na nyingi hunasa kwenye kwapa la jani, pale jani linaposhikana na shina. Spora iliyokaa juu ya petali hiyo hula petali kwanza, inapata nguvu, kisha inaingia kwenye jani na kushuka hadi shinani. Jani likibaki na unyevu siku mbili hivi mfululizo, kazi imekwisha.

Hapo utaelewa kwa nini ni bonde. Juu ya mteremko upepo unapita na umande unakauka saa tatu asubuhi. Bondeni ukungu wa asubuhi wa Mau, ule wa mawingu, hauondoki mapema, na msaiprasi ile inazuia jua mpaka karibu saa sita. Mbegu ni zile zile, siku ya kupanda ni ile ile, mbolea ni ile ile. Tofauti kati ya mimea sita na mmoja ni saa chache za majani kukaa mabichi.

Swali la kwanza sasa: ukishaingia, unafanya nini? Hapa sitakupunguzia ukweli. Kwa mmea mmoja mmoja, huu ni kati ya ukungu katili kuliko yote ninayoijua. Unatoa asidi ya oksaliki, asidi ambayo hata spinachi inayo, lakini huu unaimwaga ndani ya mmea kwa wingi. Asidi hiyo inanyakua kalisiamu, na kalisiamu ndiyo inayoshikanisha kuta za seli kama saruji kwenye matofali. Saruji ikiondoka, vimeng'enya vya ukungu vinayeyusha kuta zilizobaki, na vimeng'enya hivyo hufanya kazi vizuri zaidi pale pale palipo na asidi. Asidi hiyo hiyo huyalazimisha matundu ya kupumulia ya jani yabaki wazi, mmea ukapoteza maji. Katika wiki moja au mbili shina linaweza kuzungukwa lote. Maji hayapandi tena, na kila kilicho juu ya kidonda kinakauka kikiwa na maganda yake. Weupe ule wa mfupa ni nyuzi ngumu zilizosalia baada ya vingine vyote kuliwa.

Kuna ujanja mwingine ambao ninyi wa Nakuru mtauelewa haraka kuliko wengine, kwa sababu mnaishi jirani na kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO cha Njoro. Pale ndipo ngano kutoka nchi nyingi duniani huletwa kupimwa dhidi ya kutu ya shina, ugonjwa wa ngano, hasa ile aina iitwayo Ug99 iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990. Kutu inaweza kula seli iliyo hai tu. Kwa hiyo ngano yenye kinga hufanya jambo la kishujaa: seli iliyoguswa na kutu hujiua yenyewe, na kutu inabaki na njaa. Mimea mingi ina mbinu hiyo. Lakini ukungu mweupe unapenda maiti. Kwake seli inayojiua ni chakula kilichopakuliwa, na asidi yake inaweza hata kuisukuma seli ijiue. Ile ngao inayookoa ngano dhidi ya kutu, hapa inageuka kuwa mlango. Ndiyo sababu watafiti wanaozalisha aina mpya za mbegu, hata Kanada na China ambako kanola na jamii yake hulimwa kwa mamilioni ya ekari, hawajapata aina yenye kinga kamili dhidi ya ukungu huu. Zipo aina zinazostahimili kiasi, na zenye shina gumu lisilolala ni bora, lakini mtu akikuuzia mbegu ya kanola akisema haishikwi kamwe na ukungu mweupe, mwache na mbegu yake.

Basi tuweke mambo hayo mawili pamoja: katili kwa mmea mmoja, mzito wa kuhama. Hasara yako inategemea mimea mingapi ilinaswa Agosti, na ilinaswa mapema au kwa kuchelewa. Wakulima wa Kanada hutumia kipimo chepesi ambacho nakiamini kwa makadirio: chukua asilimia ya mimea iliyoshikwa, igawe kwa mbili, hiyo ndiyo asilimia ya mavuno uliyopoteza. Ni nusu kwa sababu mmea ulioshikwa mapema kwenye shina kuu unaweza kupoteza karibu kila kitu, na ule ulioshikwa kwenye tawi au kwa kuchelewa hupoteza kidogo.

Bondeni umepata 6 kati ya 20, yaani asilimia 30, hivyo hasara ni kama asilimia 15. Juu ni mmoja kati ya 20, asilimia 5, hasara asilimia 2 na nusu. Hukuniambia bonde ni kubwa kiasi gani. Tuseme ni ekari moja na nusu kati ya sita. Ukichanganya yote, shamba zima limepoteza chini kidogo ya asilimia 6. Inauma, hasa kwa mtu anayelipa kodi ya shamba. Lakini asilimia 94 ya mavuno yako bado imesimama, na kazi yetu sasa ni kuhakikisha huipotezi kwa haraka ya hofu. Mimea 20 ni michache kwa kukadiria, kwa hiyo rudia: simama mahali patano bondeni na patano juu, kila mahali hesabu mimea 20 iliyofuatana bila kuchagua. Ukichagua, jicho litakwenda kwenye ile meupe tu.

Kuhusu dawa. Dawa za ukungu huu ni za kukinga. Hufunika petali na majani kabla spora haijaota. Ukungu ulio ndani ya shina, umeshakula kiini, hakuna dawa ya dukani itakayoutoa, na vijiwe vyenyewe ndio kabisa haviguswi. Tena maganda yako yamejaa: ukipuliza leo unaweka dawa kwenye chakula. Kila chupa ina siku za kusubiri kati ya kupuliza na kuvuna, na sidhani unazo siku hizo. Sisemi muuza dawa ana nia mbaya. Aliulizwa kuhusu ukungu, akajibu kwa alichonacho rafuni. Lakini muulize swali hili: "Dawa hii itaingia ndani ya shina lililokwisha kuoza?" Akikujibu kwa ukweli, utarudi nyumbani na pesa zako.

Wakati wa dawa ni mwanzo wa kuchanua, tangu asilimia 20 hadi 50 ya maua. Usihangaike na asilimia. Hesabu maua kwenye shina kuu, pamoja na vijiganda vilivyoanza kutunga. Yakifika 14 hadi 16, uko kwenye asilimia 20. Yakifika 20, uko kwenye 30, na hapo ndipo napenda zaidi, kwa sababu petali za kwanza ndizo zinaanza kuanguka. Hata wakati huo si lazima upulize. Tazama wiki mbili zilizotangulia: udongo chini ya majani umekaa na unyevu muda wote? Shamba lilikuwa na mmea wa majani mapana uliougua miaka ya karibuni? Majani yamefunga safu kiasi kwamba ukipita asubuhi suruali inalowa hadi kiunoni? Umeviona vile vikombe? Kama majibu ni ndiyo, dawa inaweza kujilipa. Kama Agosti imekuwa kavu na vumbi linapaa, acha, hata kama jirani anapuliza. Na kwa bonde kama lako unaweza kupuliza bonde peke yake ukaacha juu.

Ukiamua kupuliza, soma kibandiko: iwe imesajiliwa na bodi ya serikali inayosimamia dawa za mashamba, PCPB, na zao lako litajwe. Tumia maji ya kutosha ili dawa ishuke hadi kwenye makwapa ya majani. Na puliza jioni nyuki wakisharudi mizingani. Kanola iliyochanua huita nyuki kutoka mbali, nao wanakufanyia kazi ya kuongeza mbegu. Hilo naliomba kwa moyo wote.

Mavuno sasa. Mwambie mzee wako huyo, kwa heshima, kwamba mbegu ya kijani itawagharimu kuliko ukungu. Rangi ile ya kijani huingia kwenye mafuta, yanakuwa na rangi mbaya na kuharibika upesi, na mnunuzi ataipunguza bei au kuikataa. Zaidi ya hayo mbegu changa ni nyepesi, kwa hiyo, kwa makadirio yetu, unapoteza uzito kwenye mimea kama 89 katika kila 100 ili kuokoa kitu kwenye 11 ambayo tayari imeshikwa. Ukikata kwa mkono na kulaza ikauke, subiri hadi mbegu zaidi ya nusu kwenye shina kuu, tuseme sita katika kumi, zianze kubadilika kuwa kahawia au nyeusi. Ukitumia kombaini moja kwa moja, subiri ikauke kabisa. Kabla ya kuweka ghalani, unyevu usizidi asilimia 8.

Mimea iliyokufa mapema maganda yake hupasuka kirahisi, kwa hiyo mbegu zake nyingi zitamwagika. Kubali hasara hiyo. Lakini panga uvunaji: anza juu, malizia bondeni, na gunia za bondeni ziwekwe kando. Sababu ni vile vijiwe. Vikubwa vitatoka kwenye chekeche, ila vidogo vyenye ukubwa wa mbegu ya kanola vitapita pamoja nazo. Ukichanganya gunia za bondeni na za juu, umechafua shehena yote. Mwombe mwenye kombaini aisafishe kabla ya kutoka shambani kwako, na wewe mdai vivyo hivyo akija kutoka kwa mwingine. Na mbegu za bondeni zisiwe mbegu za kupanda kamwe, wala usimpe rafiki.

Suala la moto. Naelewa mtu akitaka kuuona ugonjwa unateketea kwa macho yake. Lakini moto wa mabua hupita haraka juu ya ardhi. Vijiwe vilivyodondoka na kufunikwa na udongo kidogo hubaki salama, huku mabua ya ekari sita, ambayo yangekinga udongo wa mteremko usichukuliwe na mvua, yakiwa majivu. Sikushauri. Wala sitakuambia ung'oe kila mmea mweupe bondeni. Ni maelfu kwa maelfu, na vibarua watakula faida yote. Kule juu, ambako ni mmoja mmoja, watoto wakipita na gunia wakang'oa ile wanayoiona, ni kazi ya maana. Bondeni, baada ya kuvuna, kusanya mabua ya sehemu ile tu uyachome mahali pamoja. Usiyatandaze kwenye zizi la ng'ombe. Nilipokuwa kijana tulifanya hivyo nyumbani na mabaki ya maharagwe yaliyooza, samadi ikaenda kwenye kabeji za mama, na mwaka uliofuata kabeji zikaoza zikiwa zimefunga vizuri. Hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili hadi nilipoyasoma darasani miaka mingi baadaye.

Kulima kwa kina nako kuna pande mbili. Kijiwe kikizikwa chini sana hakiwezi kuchipua, hilo ni kweli. Lakini hakifi haraka huko chini, na ukilima tena mwaka wa pili au wa tatu unakirudisha juu kikiwa hai. Mimi ningekiacha karibu na uso na kupanda ngano au shayiri bila kupindua udongo. Huko juu kitaliwa na wadudu na kuvu wengine wa udongoni, maana naye ana maadui zake. Au kitachipua vikombe katikati ya ngano, kitarusha spora zake, hakuna petali ya kuziokoa, na kitakuwa kimejimaliza. Onyo ni moja: spora hizo zikitoka kwenye ngano yako zinaweza kuingia kwenye minji ya jirani iliyo karibu, kwa hiyo zungumzeni.

Hapo umepata jibu la maharagwe. Kupanda maharagwe bondeni msimu ujao ni kukipa kijiwe chakula siku ile ile kinapoamka, kwa sababu ua la maharagwe nalo hunyauka na kuwa daraja kama petali ya kanola. Minji, viazi, karoti na kabeji ni hivyo hivyo. Panda ngano, shayiri au mahindi, na sehemu ile ya bonde ikae hivyo miaka mitatu au minne kabla ya kanola kurudi. Ndani ya ngano hiyo palilia magugu ya majani mapana, hasa haradali mwitu na figili mwitu, maana huweza kuulisha ukungu kimyakimya mwaka mzima ukidhani umeupumzisha udongo. Kanola ikirudi, usipande kwa kusongamana, na usimwage mbolea ya naitrojeni kupita kipimo: majani mengi yaliyofungana ni blanketi la unyevu, na shina laini hulala.

Kwa kuwa unakodi, kuna swali la kumuuliza mwenye shamba kabla ya kumpa pesa: miaka mitatu iliyopita, kila msimu, hapa palikuwa na nini? Akisema minji, viazi, maharagwe, kabeji, basi unakodi na vijiwe vyake. Unaweza kulichukua kwa ngano. Kwa kanola tafuta lililotoka kwenye nafaka. Nawe umwambie ukweli kuhusu bonde hilo, ili naye asimkodishe mtu wa karoti bila kujua.

Mwisho, hakikisha ni huu kweli, maana nina uhakika mkubwa lakini sijalishika shina lako. Ng'oa mimea kumi bondeni uitazame kuanzia mzizi. Ukungu mweupe mara nyingi huanza katikati ya shina, kwenye kwapa la jani. Ukiona kidonda kiko chini kabisa shina linapoingia ardhini, kimekuwa cheusi na kikavu, chenye vidoa vidogo vyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, hiyo ni habari nyingine. Unaweza kuwa ugonjwa uitwao mguu mweusi, na huo ndio uliowafanya wakulima wa magharibi mwa Australia kuiacha karibu kabisa jamii hii ya kanola mwanzoni mwa miaka ya 1970. Una dawa zake, mbegu zenye kinga zipo, na mpango wake wa mabua ni tofauti. Ukikuta mizizi imevimba mafundo kama tangawizi, huo nao ni ugonjwa wa tatu, na wenyewe hautokani na ukungu mweupe wala mguu mweusi.

Ukiona lolote kati ya hayo mawili, au hesabu yako mpya ikizidi mimea 50 kati ya 100 mahali popote, usiniandikie tena, peleka sampuli. Chukua mimea mitano mizima pamoja na mizizi, ile inayoanza kuugua na si iliyokufa kabisa, ifunge kwa gazeti, usitie kwenye mfuko wa plastiki kwa sababu itaoza njiani. Mpigie afisa wa kilimo wa wadi yako aje aone shamba, kisha ipeleke KALRO Njoro au Chuo Kikuu cha Egerton, vyote viko Njoro, siku hiyo hiyo au kesho yake asubuhi. Andika kwenye karatasi tarehe uliyopanda, tarehe ya kuchanua, na mazao ya miaka mitatu iliyopita, uifunge pamoja na mimea.